Udongo wa Kona ya Tatu

Nikiwaambia kwamba kwa miaka kumi na tisa nililipwa kumwagilia maji barabara isiyokwenda popote, mtacheka. Chekeni kwanza, mkimaliza tuendelee. Hata watu wazima wa kanisa letu hapa DeSoto, karibu na Dallas, walinicheka. "Barasa," waliniambia, "umetoka Bungoma ukavuka bahari uje kumwagilia vumbi?" Manesi, madereva wa malori, watu wa kompyuta, kila mmoja ana kazi inayoelezeka kwa simu mama akipiga kutoka nyumbani. Mimi mama yangu nilimwambia nafanya kazi ya barabara, akaridhika. Ilikuwa nusu ya ukweli.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kusini mwa Dallas, ukiishika barabara kuu inayokwenda Houston, kulikuwa na uwanja mdogo wa mbio za magari. Si ule mkubwa wa lami mnaouona kwenye televisheni. Wetu ulikuwa wa udongo, njia moja yenye umbo la yai, kona nne, mabati na benchi za mbao upande mmoja. Magari yalikuwa ya kawaida ya barabarani yaliyong'olewa viti na vioo, yakafungwa vyuma ndani ili dereva asipondeke yakipinduka. Kila Jumamosi jioni yalizunguka pale na watu wakapiga kelele. Kazi yangu ilikuwa udongo. Niliulima, nikaumwagilia, nikaushindilia, na mwisho nikasema kama unafaa kukimbiliwa.

Mwezi uliopita, baada ya ibada, baadhi yenu vijana mliniuliza kama ni kweli mimi ndiye niliyeufunga uwanja ule. Mmesikia kwamba nilitamka neno moja, hapana, na uwanja ukauzwa. Ni kweli nilitamka. Lakini miaka saba kabla ya hapana hiyo nilikuwa nimetamka ndiyo, na hiyo ndiyo inayonifanya niketi hapa niandike.

Tuanze na kosa langu la kwanza, maana hilo angalau linachekesha.

Aliyenipeleka pale ni Bakari, Mtanzania wa Tanga aliyekuwa mlinda geti. Tulikuwa tukifanya kazi naye ghala moja siku za wiki. Mwenye uwanja alikuwa Mzee Royce, mzungu mrefu, mkavu, mtu wa maneno machache. Asubuhi ya siku yangu ya kwanza alinipa fagio akaniambia nisafishe benchi. Nikapanda juu, nikakuta mablanketi yametandazwa kila mahali, mengine yamebandikwa kwa utepe yasipeperushwe na upepo. Kwetu blanketi likilala nje, mwenyewe amelisahau au amelewa. Nikayakusanya yote. Nikayakung'uta, nikayakunja pembe kwa pembe kama mama alivyonifundisha, nikayapanga ofisini rundo safi hadi dirishani. Nikajisifu moyoni kwamba Wamarekani leo wataona usafi wa Kiafrika.

Kufika saa kumi jioni nikasikia vurugu. Bakari alinijia mbio kutoka getini.

"Kaka, mablanketi umeyapeleka wapi?"

"Nimeyakunja. Yako ofisini."

"Mungu wangu! Barasa, yale ndiyo viti vyao!"

Hapo ndipo nilipojifunza desturi ya mashabiki wa udongo. Mtu anakuja asubuhi anatandika blanketi lake, anarudi nyumbani, na hakuna atakayeligusa hata kama wamenuniana miaka. Pale aliketi baba yake, na kabla ya hapo babu yake. Mimi nilikuwa nimewafuta wote kwa mkupuo mmoja. Wanaume wazima walikuwa wakigombania mbao, na mama mmoja analia.

Nilidhani Royce atanifukuza. Badala yake alinisimamisha mbele ya jukwaa na lile rundo, akashika kipaza sauti, akaniambia ninyanyue blanketi moja moja hadi mwenyewe aite. Nilisimama saa nzima kama dalali mnadani. Yule mama aliyekuwa analia alikuja akachukua la kahawia lililochanika, akaniambia lilikuwa la mama yake aliyefariki. Mwanamke mwingine, Donna, alichukua la rangi ya machungwa. Aliniambia mumewe, Curtis, yuko chini anafunga tairi za gari lake, la sivyo angekuja kunipa vipande vyangu mwenyewe. Alisema hivyo huku anacheka. Rundo lilipoisha Royce aliniambia, "Sasa unawajua." Na kweli nilikuwa nawajua, kila mtu na mbao yake.

Kutoka benchi kwenda kwenye udongo ilikuwa bahati. Siku moja Royce alinikuta nikibandua tope kwenye kiatu, nalifinya na kulivingirisha viganjani bila kufikiri. Akaniuliza nani kanifundisha. Nikamwambia baba yangu alikuwa anafyatua matofali, na mimi utoto wangu wote niliumaliza ndani ya shimo la udongo. Jumatano iliyofuata fagio alipewa mtu mwingine.

Sasa nisikilizeni nyinyi mnaodhani udongo ni uchafu tu. Udongo mweusi wa huku ukikauka unapasuka, ukilowa unavimba. Vumbi haliui, linaudhi. Kinachoua ni maji yaliyojificha. Unaulima Jumatano ili ukubali kunywa, unaumwagilia Alhamisi jua likishapoa, unaupa maji kidogo kidogo kama mgonjwa, kisha unapitisha rola yenye meno, kisha ile laini. Anayemwaga maji mengi mchana wa Agosti anajidanganya, kwa sababu jua linakausha ngozi ya juu na chini panabaki uji. Ukitazama kwa macho utasema uko tayari. Unang'aa hata. Gari la kwanza litapita, la kumi litapita, kisha ile ngozi itatoboka kwenye kona, patakuwa na shimo, na gurudumu litakalonasa humo kwa mwendo ule litalirusha gari juu.

Ndiyo maana Royce alinikataza kuutazama. "Chimba," alisema. Unachukua sepeto ndogo, unashuka urefu wa kiganja, unatoa donge na kulifinya. Likibaki na alama za vidole bila kugandana na ngozi, sawa. Likikuachia mkono mchafu, bado. Unachimba kona zote nne, na ya tatu unaichimba mara mbili, kwa sababu uwanja wetu uliinamia huko na maji yote yalikwenda kulala huko. Basi. Chuo kikuu changu ni hicho, na cheti chake ni kucha chafu.

Mashabiki nao walikuwa sehemu ya kazi. Mvua ikinyesha na udongo ukazidi maji, mtangazaji aliwaomba washuke na magari yao wenyewe. Hamjapata kuona kitu kama kile. Pikapu zao zinaingia uwanjani moja nyuma ya nyingine, bibi na babu mbele, watoto dirishani, bendera yenye namba ya gari wanalolishabikia nyuma, na wote wanazunguka polepole, mwendo wa kubeba jeneza, tairi zao zikishindilia udongo ili wengine waje wakimbie. Kwetu magharibi ya Kenya watu husindikiza fahali kwenda kupigana kwa ngoma na matawi, na kila mmoja anajiona kama fahali ni wake. Hawa walikuwa hivyo hivyo. Hakuna aliyelipwa. Anarudi nyumbani na tope hadi kwenye paa, na Jumatatu anakwenda nalo kazini makusudi ili aulizwe.

Nawaambia haya ili muelewe jinsi ilivyo vigumu kuwaambia watu kama hao warudi nyumbani.

Siku ya ndiyo yangu, Royce alikuwa hospitalini, moyo unamsumbua. Ilikuwa mara ya kwanza kuachiwa neno la mwisho. Mvua ilikuwa imenyesha Ijumaa usiku kucha, Jumamosi jua likatoka kali. Mashabiki walizunguka na pikapu zao tangu saa tisa, na kufika saa kumi na moja uwanja ulikuwa unang'aa. Nikashuka kuchimba. Kona ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya nne sawa. Ya tatu nilichimba mara moja, mkono ukatoka mchafu hadi kwenye kifundo. Nikachimba mara ya pili, hatua chache pembeni. Uji.

Nikiwa nimechuchumaa pale, jukwaa zima likaanza kupiga honi za mkononi. Ni mtindo wao, wakichoka kungoja wanapiga honi wote kwa pamoja. Karibu na uzio nilimwona Donna ameshika nguo ya Curtis kifuani kupitia tundu la waya. Alikuwa na mimba kubwa.

"Niahidi," alikuwa anamwambia. "Usilazimishe kona yoyote leo."

"Nakuahidi," Curtis akasema. "Naendesha kama mchungaji."

Waliokuwa karibu wakacheka. Kisha redio yangu ikalia, mtangazaji akauliza, "Barasa, tuko tayari?"

Nimejiuliza mara nyingi ilikuwa nini. Woga? Nilikuwa mgeni, mweusi, mwenye lafudhi, na watu wote wale wananingoja mimi. Sifa? Ilikuwa siku yangu ya kwanza kama mkubwa. Nadhani vyote. Nikalirudisha donge shimoni, nikalikanyaga kwa kisigino, nikasema, "Tuko tayari."

Ngozi ilishikilia mizunguko mingi, hata nikaanza kupumua. Kisha gari la Curtis likaingia kona ya tatu, gurudumu la mbele likazama, likapinduka mara nne. Vyuma vilizuia asife. Havikuuzuia uti wa mgongo usivunjike.

Mashimo huwa yapo kila baada ya mbio, hivyo hakuna aliyeuliza juu ya lile. Watu walisema Curtis aliingia kwa kasi. Yeye mwenyewe, akiwa bado kitandani hospitalini, aliwaambia waliokwenda kumwona, "Niliingia kasi." Neno likashika. Mimi nilidhani ni adabu ya madereva, hawapendi kulaumu uwanja. Nilijifanya kudhani hivyo.

Jumapili asubuhi mke wangu alikuwa tayari na gauni lake la kanisani.

"Baba Naliaka, si twende? Tuko late."

"Endeni. Nina kazi uwanjani."

"Kazi gani Sunday?"

Nilikwenda nikawasha trekta, nikalima kona ya tatu yote, nikaisawazisha hadi pakawa hapana alama. Tangu nizaliwe sijawahi kulima vizuri vile, na sijawahi kujichukia vile.

Royce alirudi baada ya wiki tatu. Alinitazama usoni kabla hajautazama uwanja.

"Ulichimba?"

"Nilichimba."

"Kona ya tatu?"

"Mara mbili."

"Ukakuta nini?"

"Pako sawa."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia alichotarajia kusikia, akaingia ofisini. Hakuniuliza tena hadi alipokufa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi maradhi niliyaficha, na kifo kikamchukua yeye.

Curtis alirudi uwanjani mwaka uliofuata, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akakaa chini karibu na uzio. Alikuwa fundi bomba, sasa alikuwa anajibu simu za kampuni ya mafundi bomba. Hakukosa Jumamosi hata moja. Donna alikuwa anamleta, anamshusha, kisha anakwenda kukaa ndani ya pikapu na mtoto, dirisha limefungwa, hadi mbio ziishe. Hakupanda tena jukwaani. Mimi nilimpelekea Curtis soda, nikamfunika na mwavuli, nikamsukuma kwenye matope. Watu walisema Barasa ana moyo. Kila waliposema hivyo nilitamani wanitukane.

Mnaniuliza kama mchezo huu una kesho. Sijui, na anayewaambia anajua anawauzia kitu. Nilichokiona ni hiki. Benchi zilijaa mvi. Watoto wa mashabiki walikuwa wanaendesha magari kwenye skrini chumbani, na wanaendesha vizuri, siwadharau. Binti yangu Naliaka nilimleta mara mbili. Mara ya pili aliniambia, "Dad, it's just circles," akarudi kwenye simu yake. Kule Houston viwanja vidogo vilivyokuwepo vilikuwa vimegeuka maghala na nyumba, kwa hiyo mashabiki wa huko walikuwa wanaendesha kwa saa tatu, nne, kuja kwetu. Ardhi yetu nayo ilizungukwa. Kila mwaka paa mpya zilisogea, na wenye paa hizo walipiga simu kulalamikia kelele, kana kwamba sisi ndio tuliohamia. Watasema magari ya umeme yataokoa mambo, au watoto wa skrini watakuja kutafuta matope ya kweli. Huenda. Ninachojua ni kwamba dereva hawezi kuchimba akiwa amefungwa mikanda. Anaingia kona kwa neno la mtu mwingine. Iwe petroli, iwe umeme, lazima awepo mtu wa kutoa neno hilo, na wengi wenu kazini kwenu ni mtu huyo tayari. Dawa ni sahihi? Breki za lori ziko sawa? Mfumo uko tayari kuwashwa? Wanasubiri, wanapiga honi, nawe ndiye umeshika donge.

Royce alipofariki uwanja ulikwenda kwa binti yake, Lynette, mtu wa ofisi huko Houston. Msimfanye mbaya. Alijaribu misimu miwili. Mwisho kampuni ya nyumba ikaleta bei, na yeye akawaambia mashabiki waziwazi: njooni mbio za mwisho za msimu, zikimbiwe mbele ya jukwaa lililojaa, nione kama kitu hiki bado kiko hai, nami sitauza. Zikishindikana, nasaini. Hakukuwa na Jumamosi nyingine, kwa sababu kampuni ilitaka jibu Jumatatu asubuhi.

Walikuja. Wallahi walikuja. Waliotoka Fort Worth, waliotoka Houston usiku, wazee walioletwa na wajukuu. Bakari alinipigia kutoka getini.

"Kaka, huku balaa! Foleni imefika mpaka highway. Hatuuzwi leo."

"Bakari, umeona mvua ya asubuhi?"

"Mvua imeshakata. Wewe kausha, sema ndiyo, tukale pilau kwangu."

Mvua ilikuwa imepiga tangu alfajiri hadi saa nne. Walishuka na pikapu zao bila kuombwa. Walizunguka mchana kutwa, zaidi ya mara yoyote niliyoikumbuka, hawaongei, madirisha yameshushwa, wengine wametoa mkono nje na kuulaza kwenye mlango. Niliona watu wanalia huku wanaendesha. Jioni uwanja uling'aa.

Nikachimba. Ya kwanza, ya pili, ya nne. Kona ya tatu nikachimba mara mbili, halafu mara ya tatu, halafu mara ya nne, natafuta mahali ambapo patanidanganya. Uji.

Lynette alikuwa ameshuka na viatu vyake vya ofisini. Aliniuliza kwa upole tu. Nikamwambia, "Hapana. Hadi kesho kutwa, pengine." Akasema kesho kutwa hana. Nikasema najua. Akafumba macho kidogo, akaondoka kwenda kwa mtangazaji, na tangazo lilipotoka honi zilianza, na safari hii hazikuwa za kungoja.

Bakari akaja mbio. "Barasa, umerogwa? Mizunguko kumi tu! Waende polepole!"

"Hakuna dereva wa polepole, Bakari."

"Unaua kazi yetu, bwana! Miaka yote hii!"

Kisha nikasikia magurudumu madogo yakihangaika kwenye matope. Curtis alikuwa amejisukuma mwenyewe hadi ukingo wa kona, mikono imejaa tope.

"Barasa. Sema ndiyo."

"Siwezi."

"Nautazama. Umekauka, umeshindiliwa vizuri. Siku yangu ulikuwa hivi hivi, na tukakimbia."

Mngekuwa nyinyi mngesema nini? Nilikuwa na uongo mwingi tayari, wa miaka saba, na wowote ungefaa. Lakini nilikuwa nimeshika donge mkononi, na nilikuwa nimechoka. Nimechoka kumpelekea soda.

"Ulikuwa hivi hivi," nikasema. "Ndiyo maana siwezi."

Akanitazama. Kisha akatazama mkono wangu.

"Siku ile ulichimba?"

"Nilichimba."

"Ukakuta hii?"

"Nikakuta hii. Nikasema tuko tayari. Jumapili nikaja nikalima pasionekane."

Nilidhani atanitukana, nami nilitaka anitukane. Honi zilikuwa zimeanza kupungua na pikapu za kwanza zikaelekea getini. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kila siku naiendesha ile kona," alisema. "Nikiwa kitandani, nikiwa kazini simu zikilia. Nakanyaga breki mapema, nageuza usukani mapema. Napinduka tu. Nikajiambia basi niliingia kasi, siwezi kuikumbuka kwa sababu naona haya. Nilimwahidi yule mwanamke kwenye uzio, Barasa. Miaka saba anaishi na mtu aliyemvunjia ahadi."

Nikasema nisamehe, kwa Kiingereza, kisha likanitoka tena kwa Kiswahili.

"Si mimi wa kuambiwa kwanza," akasema. "Nenda kamwambie."

Uwanja ule uliuzwa siku sita baadaye. Nyumba zimeshapanda pale, na kuna mashabiki ambao hadi leo wakiniona dukani Cedar Hill wanageuza toroli. Bakari alininunia mwaka mzima, kisha akaniletea pilau bila maneno. Nikiulizwa kama najuta kusema hapana, jibu ni fupi: ningeisema tena kesho asubuhi. Wakiniuliza juu ya ndiyo, siwezi kujibu kwa ufupi. Mimi nilikuwa nadhani nimemvunja mtu mgongo, na hiyo tu ilikuwa inatosha kuninyima usingizi. Sikujua kwamba kwa kunyamaza kwangu nilikuwa naingia nyumbani mwao kila siku na kumshuhudia uongo mume mbele ya mkewe. Kukosea kazini mtakosea, hakuna asiyekosea. Semeni siku hiyo hiyo, hata mkifukuzwa, kwa sababu msichokisema kuna mtu mwingine anakibeba, nanyi hamumjui.

Donna alikuwa ndani ya pikapu, injini inanguruma, mtoto amelala kiti cha nyuma. Alishusha dirisha akidhani namletea habari za Curtis. Nilimwambia yote, nimesimama, kofia mkononi. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja.

"Kwa hiyo hakuingia kwa kasi?"

"Hakuingia kwa kasi. Aliendesha kama alivyokuahidi. Kosa ni langu."

Akazima injini. Akashuka, akanipita kama sipo, akatembea katikati ya pikapu zilizokuwa zinaondoka hadi ukingo wa kona. Akapiga magoti kwenye tope mbele ya kile kiti, akalaza paji la uso kwenye mapaja ya mumewe, yale ambayo hayahisi kitu, na Curtis akaweka mikono yake miwili yenye tope kichwani mwa mkewe. Mtoto alikuwa ameamka anauliza mama yuko wapi. Nikafungua mlango, nikamwonyesha kwa kidole walipo, nikasimama naye pale hadi walipokuwa tayari kuitwa.